Gari Lililokaa Juani

Asubuhi ya siku ya kikao Inspekta alifika ofisi za jiji mapema, wafagiaji hawajamaliza hata ngazi, akakuta uwanjani kuna gari moja tu. Lilikuwa la Mhandisi wa jiji, jeupe, limeoshwa likaoshwa tena, na limeegeshwa katikati kabisa ya uwanja, pale ambapo ikifika saa nne jua hukaanga bati. Kando ya ukuta palikuwa na miti yenye kivuli cha bure, na nafasi tele chini yake. Inspekta akalitazama gari, akaitazama miti, akapita zake. Kila mtu na wazimu wake.

Koplo alimfuata nyuma akimalizia kutafuna. Huyu alikuwa dereva wake, msaidizi wake na, kwa maneno yake mwenyewe, mlezi wake.

"Afande, leo ndiyo leo," alisema.

"Asemaye kesho ni mwongo. Futa mdomo, twende."

Kesi yenyewe, ukiisikia mara ya kwanza, unaweza kucheka: mawe yamepotea. Lakini sikiliza kwanza. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imekwisha, shimo juu ya shimo, na baraza la jiji lilitakiwa kuchagua. Ama waikwangue juu na kuitandika lami mpya, kazi ya muda mfupi, wagonjwa wapite kama kawaida. Ama waivunje mpaka chini na kuijenga upya, njia ifungwe mwaka mzima. Ili wajue la kufanya, Mhandisi aliagiza barabara ichimbwe kwa keekee, ile mashine ya kutoboa, sehemu tisa, toka sokoni mpaka mlango wa hospitali, na kila tundu litoe kipande kirefu cha mviringo, lami juu, matabaka ya msingi chini. Mafundi waliviita michi, kwa kuwa vilifanana na mchi wa kutwangia. Mhandisi akaipima michi yake tisa, akaandika taarifa: msingi wa barabara ni mzima, tandikeni lami. Kisha madiwani wakasema wanataka michi hiyo iletwe ukumbini waione kwa macho yao. Wiki hiyohiyo michi mitatu ikapotea stoo.

Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja, mama mtunza stoo, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Stoo. Mhandisi ndiye aliyepeleka habari polisi, na sasa Bi Stoo alikuwa mahabusu siku ya tatu, huku binti yake yuko wodi ya wazazi akisubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Mkuu wa kituo alikwisha kusema: jioni hiyo jalada liende kwa mwendesha mashtaka, potelea mbali. Na saa nane mchana madiwani wangepiga kura. Wakipitisha lami, mitambo ingeingia kazini kesho yake, na lami ikishamwagwa, kila tundu barabarani limezikwa. Mama wa watu angebaki na jina la mwizi mpaka anaingia kaburini. Hilo Inspekta hakulitaka, na aliposhika jambo hakuwa mtu wa kuliachia.

Jana yake nzima ilikuwa imepotelea kwa mkandarasi wa mitambo. Mhandisi alikuwa amedokeza kwamba huyo ndiye angefaidi barabara ikivunjwa, hivyo huenda alimtuma mama aiharibu ile michi mizuri. Inspekta akamfuata mpaka gereji yake, akamkuta amelala chini ya greda, miguu nje.

"Wakitandika lami, rola ni langu," mkandarasi alimjibu bila kutoka. "Wakivunja, buldoza ni langu. Mji mzima hauna mwingine. Sasa niibe mawe ya nini, dada yangu?"

Inspekta akafunga daftari, akaondoka. Ndiyo maana leo alirudi mwanzo, kwenye stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya jengo, mlango wake wa chuma, mzito, wenye tabia ya kujifunga wenyewe. Koplo aliufungua kwa ufunguo wa Bi Stoo, akausukuma kwa bega, akaingia, akakipiga teke kimto cha maua kilichokaa sakafuni karibu na bawaba. Akaruka kwa mguu mmoja.

"Mto gani huu mgumu hivi? Mama wa watu anashonea mto zege?"

"Mto haukukufuata," Inspekta alisema. "Wewe ndiye uliyeufuata. Angalia unapokanyaga."

Michi sita iliyobaki ilikuwa imesimama kwenye rafu, kila mmoja na namba yake ya rangi nyeupe. Inspekta aliinama akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole ubavuni mwa mmoja mmoja. Lami nene, kokoto zilizoshikana, hakuna uliomomonyoka hata kidogo. Barabara ya hospitali inaanzia sokoni, inakata bonde ambalo mvua ikinyesha linageuka ziwa, halafu inapanda mlima. Lakini michi yote ilifanana kama vikombe vya seti moja.

"Koplo, wewe kwenu mko wangapi?"

"Saba, afande."

"Mnafanana?"

"Hata kidogo. Mimi ndiye mzuri."

Inspekta akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliyatia hayo akilini, akapanda ghorofani kwa Mhandisi.

Mhandisi alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya upole, mtu wa kukuvutia kiti kabla hujasema habari za asubuhi. Mezani kwake taarifa ilikuwa tayari, nakala kwa kila diwani.

"Inspekta, nakuhurumia," alisema. "Unahangaika kwa vipande vya lami ambavyo havina kazi tena. Vipimo nilishachukua. Hata yote tisa ikipotea, taarifa yangu inasimama."

"Basi tuiache kesi?"

"Sijasema hivyo. Mali ya umma ni mali ya umma." Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Nyumbani kwake mmepekua?"

"Mara mbili."

"Darini?"

"Darini, jikoni, mpaka kwenye pipa la maji."

"Na kwa yule binti yake? Au ndugu zake? Mama kama yule huwa ana ndugu wengi."

"Tumeukuta mchi mmoja wapi, Mhandisi, hata unaona tuendelee?"

"Hamjaukuta hata mmoja?" aliuliza haraka. Kisha akatabasamu. "Nilidhani mna habari."

Inspekta akaaga. Ngazini alisimama, mkono kwenye reli. Mtu anasema mawe hayana kazi, halafu anataka yatafutwe mpaka darini mwa mjamzito. Maneno hayo mawili hayakai nyumba moja. Alitazama saa, akamwita Koplo, wakaenda kituoni.

Bi Stoo aliletwa chumba cha mahojiano na miwani yake imefungwa uzi mahali palipokatika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kiburi kidogo cha watu wanaojua kila kitu kiko wapi. Hakuketi.

"Mwanangu amejifungua?"

"Bado, mama. Nimepiga simu asubuhi hii. Anaendelea vizuri, anakuulizia."

"Mmemwambia niko wapi?"

"Nimemwambia una kazi."

Bi Stoo akaketi. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa upande wa mkono, kwa hasira. "Uliza, mwanangu. Uliza yaishe. Lakini nimeshawaambia wenzako mpaka nimechoka. Mchi mzima sijaugusa."

Inspekta alikuwa amekwisha kufungua mdomo aulize la ufunguo. Akaufunga. Akarudi nyuma kwenye lile neno.

"Na usio mzima?"

"Usio mzima ni takataka."

"Hizo takataka unazifanyaje?"

Bi Stoo alimtazama kama mtu anayeulizwa maji yanachotwa vipi. "Kuna kona yake. Mchi ukija umevunjika unatupwa hapo, anayetaka anachukua. Mhasibu ana mmoja wa kukandamizia karatasi. Mlinzi anakalia mmoja. Ndiyo kawaida yetu miaka yote."

"Na wewe?"

"Mimi mlango wangu haukai. Unajifunga, na mle ndani joto utadhani tanuri. Katika ile tisa ulikuwepo mmoja umemegeka ubavuni, hausimami, kila nikiuweka unaanguka. Nikasema huu si mzima, nikauchukua wa kuzuilia mlango, nikaushonea gwanda la kitambaa usinichubue sakafu." Hapo akaona mwenyewe alikofika. "Ule nao mnauhesabu?"

"Tunauhesabu, mama."

"Basi huo upo. Hiyo miwili mingine siijui."

"Mlango unakaa wazi saa ngapi?"

Sasa Bi Stoo aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake. "Wakati wa chakula. Nakwenda kula uani, kuna hewa. Nauacha wazi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo ufunguo si hoja. Yeyote angeingia. Mbona hukusema, siku zote hizi umelala sakafuni?"

"Niseme nimeacha stoo ya umma wazi? Wangenifukuza kazi siku hiyohiyo, na mjukuu anakuja. Nikaona bora nikae kimya, Mungu ataleta njia."

"Njia imekuja kwa mguu wa Koplo," Inspekta alisema, akainuka.

Walirudi stoo mbio. Inspekta alichuchumaa, akakata uzi wa kile kimto kwa kisu cha mfukoni, akavua kitambaa cha maua. Mchi ukatoka, na namba yake nyeupe: tisa. Ubavuni ulikuwa na mmego wa nusu mwezi, kutoka juu mpaka chini, laini, umenyooka. Hakuna lami inayovunjika namna ile.

"Koplo, umewahi kumsaidia mama yako kukata biskuti?"

"Mimi nilikuwa nakula unga, afande."

"Unatandaza unga, unakata kwa bilauri. Ukikata ya pili karibu mno na ya kwanza, inatokaje?"

Koplo aliutazama mchi. "Inatoka imeumwa," alisema polepole.

"Namba tisa inasemekana imetoka mlango wa hospitali. Na jirani yake aliyeiuma ametoka wapi?"

Jibu hilo lilikuwa na mtu mmoja. Karakana ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na Fundi Keekee alikuwa ndani akipaka mashine yake grisi. Hakuna aliyemjua kwa jina jingine. Alikuwa ameishika keekee ya jiji muda mrefu mpaka mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka hata anaposhika kikombe. Inspekta aliuweka mchi juu ya meza, mmego ukimwelekea yeye.

"Fundi, huu ulichimba wapi?"

"Mlango wa hospitali. Si namba inasema."

"Na tundu lililoumega?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta ilipokwisha kuwa safi. "Keekee huwa inateleza, afande."

"Inateleza kutoka sokoni mpaka hospitalini?"

Fundi akaketi kwenye kopo la grisi.

"Fundi, nisikilize. Bi Stoo amelala sakafuni kwa ajili ya jiwe hili. Unamjua?"

"Namjua. Huniwekea chai." Akakitupa kile kitambaa. "Kule barabarani nilichimba, afande, wallahi nilichimba. Sehemu zote. Lakini ukipita lami hakuna kitu. Unaivuta keekee, unatoka mchanga na maji, kama uji. Hakuna mchi hata mmoja ulioshikana. Nikamwambia bosi. Akasema yeye anataka michi, si uji, nikachimbe pagumu."

"Pagumu wapi?"

Fundi aligeuza kichwa. Alitazama dirishani, nje, uwanjani, kisha akatazama haraka kwingine, na hofu yake ilionekana wazi usoni. Inspekta akayafuata macho yake. Ilikuwa saa saba na nusu. Magari yote ya wakubwa yalikuwa yamejibana chini ya miti, moja karibu limpande mwenzake. Katikati ya uwanja, peke yake, gari jeupe lilikuwa likiungua na jua.

"Ndiyo maana michi imeumana," Inspekta alisema kwa sauti ndogo. "Matundu yote ilibidi yatoshe chini ya gari moja. Fundi, chukua nyundo na patasi. Koplo, kamlete Bi Stoo. Mwambie mkuu nimesema mimi."

Ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa. Meya, mzee mfupi mwenye sauti ya kengele, alikuwa amekwisha kumaliza kusoma hoja. Mhandisi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, mpole.

"Wanaokubali barabara itandikwe lami juu," Meya alianza, "wanyooshe—"

"Mheshimiwa Meya, naomba dakika moja," Inspekta alisema kutoka mlangoni.

"Polisi hawapigi kura, binti yangu."

"Sipigi kura. Naomba Mhandisi asogeze gari lake."

Ukumbi ukacheka. Diwani mmoja alisema hata yeye gari hilo humzuia njia. Mhandisi alicheka nao, lakini akachelewa kidogo kuanza na akachelewa kuacha.

"Gari langu na barabara ya hospitali vinahusiana nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Limekaa juani wiki nzima na kivuli kipo. Nimeuliza walinzi. Zamani ulikuwa unagombania miti kama wenzako."

"Mimi nina kikao, Inspekta. Na ufunguo nimeusahau nyumbani."

"Umekuja na gari bila ufunguo?" Meya aliuliza.

Safari hii ukumbi haukucheka. Meya aliweka taarifa chini, akavua miwani. "Sogeza gari, bwana. Ni gari tu. Tusogeze, turudi, tupige kura tukale."

Walitoka wote, madiwani na makarani, wakasimama kuzunguka uwanja huku wakijikinga jua kwa mafaili. Koplo alikuwa amefika na Bi Stoo, bado na ndala za mahabusu. Mhandisi aliutoa ufunguo mfukoni bila kumtazama mtu, akaingia garini, akalirudisha nyuma polepole.

Chini yake palikuwa na mabaka ya saruji, ya mviringo, tisa, yamesongamana kama watu kwenye mwavuli mmoja. Mengine yalikuwa yamepandana. Uwanja ule ulijengwa kubeba malori ya jiji, na kila aliyekuwapo alijua ulivyo mgumu.

Fundi Keekee alipiga magoti. Hakungoja kuambiwa. Alipiga patasi kwenye baka moja lililokuwa limeliwa ubavu na jirani yake, akabandua saruji vipande vipande mpaka tundu likawa wazi. Inspekta akampa Bi Stoo mchi.

"Weka, mama. Ni wako."

Bi Stoo akainama, akauteremsha, akauzungusha kidogo kama mtu anayefunika chupa. Mmego ukakaa sawasawa na ukingo wa baka la pili. Mchi ukazama mpaka juu ukawa sawa na uwanja, namba tisa ikiwatazama madiwani.

"Huu ndio mlango wa hospitali," Inspekta alisema. "Na sokoni ni hapa, hatua ya mtoto." Akamgeukia Mhandisi, ambaye alikuwa bado ameshika mlango wa gari. "Madiwani walipotaka kuiona michi, ukakumbuka kwamba mitatu imeumwa. Ukaingia stoo wakati wa chakula. Miwili uliipata. Wa tatu ukautafuta ukaukosa, na ulikuwa sakafuni karibu na mguu wako, umevaa maua. Ukadhani mama ameuficha aje akushike nao. Ukaona bora polisi wakutafutie. Ukamfunga mtu ili upate jiwe lako."

"Kwa nini?" Meya aliuliza. Aliuliza kwa uchungu, maana alikuwa amempenda. "Lami au kuvunja, wewe mshahara wako ni uleule."

Mhandisi alitazama yale mabaka. Upole wote ulikuwa umemtoka.

"Barabara ile niliijenga mimi," alisema. "Nilikuwa kijana, ndiyo kazi yangu ya kwanza kubwa. Mkaipiga picha, mkaitundika ukumbini. Ningewaachaje muivunje? Mngekuta mchanga. Hakuna jiwe hata moja chini yake. Nilijua siku ya kwanza, na nimejua kila siku."

Nje ya uzio ving'ora vya gari la wagonjwa vilisikika vikielekea hospitalini, na watu wote walijikuta wamegeuza shingo kuvisikiliza mpaka vilipopungua. Meya akavaa miwani yake tena.

"Hoja ya lami nimeiondoa," alisema. "Leo hii barabara ile ifungwe kwa malori. Tunaivunja."

Koplo alimshika Mhandisi kiwiko, bila nguvu, akamkabidhi kwa askari wawili aliokuja nao kutoka kituoni. Inspekta alimtafuta Bi Stoo, akamkuta amekwisha kufika langoni, ndala zinapiga visigino, miwani mkononi.

"Mama, uko huru. Karatasi nitazimaliza mimi. Ingia garini tukufikishe kwa binti yako, ni hapo tu."

Bi Stoo aliliangalia gari la polisi, la chuma tupu, na nondo za madirisha. Akamwangalia Koplo toka kichwani, akatulia kidogo kwenye tumbo lake.

"Njia ni ileile?"

"Ya hospitali ni hiyo moja, mama."

"Basi nyinyi na chuma chenu hicho kaeni hapa. Miaka yote nimepita pale nikijua nakanyaga barabara." Akakifunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Mimi mjukuu wangu nataka kumwona. Nitatembea pembeni, kwenye majani."

Akavuka lango, akashuka ukingoni, akaanza kwenda. Inspekta alimwachia Koplo gari, akashuka yeye pia kwenye majani, akamfuata mama nyuma, akikanyaga alipokanyaga yeye.